Bandari ya Tanga tumeililia sisi wa Arusha na Moshi. Tope lake tumewahi kuuliza lilikwenda wapi?

#1 Mangi wa Memorial

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Mimi nauza mitumba hapa soko la Memorial, Moshi. Wiki iliyopita wafanyabiashara tuliitwa kwenye kikao, akaja mwanasiasa mmoja. Jina lake nabaki nalo mwenyewe, msinisumbue. Alisema mengi, nusu yake ahadi za barabara. Alipofika kwenye bandari akasimama kabisa: Tanga imeshachimbwa, sasa tudai zaidi, tudai na ile bandari kubwa inayopendekezwa Mwambani, kusini ya mji wa Tanga, na hao wanaolialia matumbawe wanatumwa. Akamalizia, "Samaki hawapigi kura." Ukumbi ukalipuka makofi. Na mimi nilipiga, nisiwadanganye.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu kama kichekesho. Mke wangu ni mtu wa Tanga, alikuwa jikoni anageuza changu kwenye kikaango. Hakucheka. Akasema, "Samaki hawapigi kura, sawa. Na kaka yangu je?"

Kaka yake anavua kwa dema, ule mtego wa fito, huko Mwambani.

Tuelewane kwanza: sipingi bandari. Walioagiza mzigo miaka ile wanakumbuka mateso. Meli inakaa nangani, mzigo unashushwa kwenye matishari, matishari yanavutwa mpaka gatini, unapakuliwa mara ya pili. Kina pale gatini kilikuwa kama mita 3, meli ya maana haisogei. Ndiyo maana wengi wetu tulihamia Dar, na wengine Mombasa kwa njia ya Holili, wakati reli ya kutoka Tanga ilishafika Moshi tangu 1911 na Arusha tangu 1929. Kelele za kutaka Tanga ifufuliwe tulizipiga sisi wa huku juu kuliko hata Watanga wenyewe. Na tulisikilizwa: lango la kuingilia meli na sehemu ya kugeuzia zikachimbwa mpaka mita 13, zikajengwa gati mbili za jumla ya mita 450, mradi mzima shilingi bilioni 429.1. Leo meli inafunga gatini. Mimi ni mnufaika, belo zangu zinapita pale.

Sasa Disemba nilikwenda kumsalimia shemeji. Akanichukua kwenye ngalawa yake, alfajiri, bahari imelala kama mafuta. Hana boya wala nini, analijua dema lake kwa kupanga mnazi fulani na pembe ya kisiwa cha Yambe. Akavaa miwani, akazama, akaibuka na kamba, tukavuta wote. Ndani mlikuwa na tasi wanne na kichangu kimoja. Lakini yeye samaki hakuwatazama. Alipitisha kidole gumba kwenye fito za dema, akanionyesha. Tope laini, la kijivu, linateleza kama uji wa muhogo. Akasema, "Huu si mchanga, shemeji. Mchanga hukwaruza." Kule chini, anasema, matumbawe yaliyokuwa na rangi yamevaa vumbi hilo hilo.

Nikamwuliza, ni ile kazi ya bandarini? Mimi nilitegemea aseme ndiyo, wavuvi wanavyolalamika. Akanijibu, "Yaweza kuwa bandari, yaweza kuwa mto, yaweza kuwa mabomu ya zamani. Mie naliona tope. Jina la mwenye tope halikuandikwa."

Jibu hilo halijanitoka kichwani mpaka leo. Maana sisi tulioidai ile bandari hatukuwahi kuuliza hata siku moja: linalochimbwa linamwagwa wapi, nani anapima maji, na vipimo vinasomwa na nani? Na kabla hatujaanza kuidai ya Mwambani, ambayo iko ndani kabisa ya hifadhi ya bahari, si tuulize?

Karibuni. Matusi muwaachie watoto.

#2 Karanga za Kuonja

Nakaa hapa mbele kabisa. Wajuzi wapite.

#3 Chalii wa Ngarenaro

Mangi, nakuheshimu, ila hapa umeingizwa mjini na shemeji.

Mimi ni mtu wa malori. Kutoka Tanga mpaka Arusha ni kilomita 430 na ushee, kutoka Dar ni zaidi ya 600. Piga hesabu ya dizeli, piga hesabu ya matairi, halafu uniambie habari za tasi wanne. Mombasa wamechimba. Dar wamechimba. Durban wanachimba kila leo. Sisi tukigusa maji tu, matumbawe yanaanza kulia, na mara nyingi anayeyalilia anaishi Ulaya, ambako bandari zao walishachimba tangu enzi za babu zao.

Halafu hao wavuvi wa Tanga, wakuu tusidanganyane. Ile pwani ilipigwa mabomu miaka na miaka. Nani alirusha baruti kwenye miamba, Mchina? Ni wavuvi wenyewe. Leo tope kidogo kwenye dema ndiyo msiba wa taifa.

Mwanangu unataka turudi kwenye matishari?

#4 Mzee wa Kibosho

Naunga mkono hoja ya Chalii. Maendeleo hayaji bila vumbi.

#5 Mtoto wa Sahare

Bwana Chalii, mie ni Mtanga, nipo Arusha mwaka wa tisa, nafanya kazi Sakina. Kwetu husemwa waja leo, waondoka leo. Naona hata hoja zenu ni hivyo hivyo, zinakuja leo na kuondoka leo.

Mabomu ni kweli. Aibu yetu na hatuikani. Nimekua nikisikia mlio asubuhi, vikombe vinatikisika mezani, mama anasema, "Wameanza." Mwamba uliopigwa bomu hubaki kifusi, na kifusi hakishiki tumbawe changa kwa sababu mawimbi yanakizungusha. Lakini waliopiga mabomu walikuwa wachache, na waliowafichua wakawekwa roho juu ni wavuvi pia. Usituweke wote kwenye mtumbwi mmoja.

Tena nikuambie kitu ambacho huko kikaoni Moshi sidhani kama kilitajwa. Samaki anayeitwa silikanti, yule ambaye wataalamu waliamini alishatoweka pamoja na madinosaria mpaka akaonekana Afrika Kusini mwaka 1938, kwetu alianza kunasa kwenye majarife, nyavu za papa, miaka ya mwanzo ya 2000. Si mmoja, ni wengi. Wazee hawakumjua wala hawakumpenda kula. Kwa ajili yake ndiyo mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kuanzia kaskazini ya mlango wa mto Pangani kupanda mpaka Tanga. Visiwa vya Toten, Yambe na Karange vimo. Ghuba ya Mwambani imo. Na wazo la kujenga bandari ya kina kirefu Mwambani lilikuwapo wakati huo huo hifadhi inatangazwa. Yaani mkono mmoja unaweka uzio, mkono wa pili unapima mahali pa kupitisha meli.

Halafu wavuvi wakaambiwa: humu ni hifadhi, nyavu hizi marufuku, mahali hapa msitupe jarife. Wakakubali kwa shingo upande. Sasa mvuvi aliyekatazwa jarife kwa sababu ya mwamba, akisikia mwamba huo huo utachimbwa kwa mashine, unategemea akuelewe kwa lugha gani?

Anayesema samaki hawapigi kura aje alisemee hilo pale soko la Deep Sea saa kumi na mbili asubuhi, si kwenye ukumbi wa Moshi.

#6 Karanga za Kuonja

Hapo kwenye uzio na kupima nimesimama kidogo. Endeleeni.

#7 Baharia Mstaafu

Nimesoma mpaka hapa nikaona niingie, kwa sababu hii kazi nimeifanya. Miaka kumi na moja kwenye meli za kuchimba, nchi nne tofauti. Sasa nimestaafu, nafuga kuku Usa River.

Wengi mnadhani tatizo ni pale jino la mashine linapogusa chini. Pale ni eneo dogo, ukichimba mwamba umekufa basi, hesabu imeisha. Tatizo kubwa ni maji. Meli ya kunyonya inavuta tope pamoja na maji mengi, inajaza tumbo. Tumbo likijaa, tope zito limekaa chini, juu kuna maji machafu. Nahodha hataki kubeba maji kwenda kumwaga, analipwa kwa tope. Kwa hiyo maji ya juu yanaachiwa yamwagike pembeni ili tope liongezeke tumboni. Yale maji ndiyo yanayotembea. Mchanga unazama dakika chache, hauendi mbali. Ule unga wa kijivu aliouonyesha shemeji yake Mangi, unaelea siku kadhaa, unatua, wimbi likija unanyanyuka tena, unaenda mbele kidogo, unatua. Unaweza kuchimba miezi sita, unga ukahangaika miaka.

Na tumbawe ni mnyama, si jiwe. Ndani ya ngozi yake kuna mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao unampikia chakula kwa jua. Ukitia maji giza umemzimia jiko. Ukimwagia unga, anatoa ute ajisafishe, na kazi hiyo inamla nguvu. Siku mbili tatu anavumilia. Wiki kadhaa mfululizo, hapana.

Dawa zipo na tulizitumia. Kuna mapazia ya kuzuia tope, yanafanya kazi vizuri maji yakitulia, mkondo ukiwa mkali yanapepea kama kanga kambani. Kuna kukataza kumwaga maji ya juu ukiwa karibu na mwamba. Kuna kusimamisha kazi siku matumbawe yanapotaga. Kuna vipimo vya ukungu wa maji vilivyotegwa karibu na mwamba, vikipita kiwango, simu inapigwa, mashine inazimwa. Nimewahi kukaa siku tatu bila kazi, na mkandarasi analia gharama, kwa sababu ya kipimo kimoja. Hiyo inawezekana kabisa. Ila kiwango kinaandikwa kwenye mkataba KABLA ya kuanza. Hakuna mkandarasi duniani atakayezima mashine kwa huruma.

Chalii, ulitaja Durban na wengine. Mimi nakupa Miami, Marekani. Kule walichimba 2013 mpaka 2015 ili meli kubwa zaidi ziingie. Ahadi ilikuwa madhara madogo. Utafiti uliochapishwa 2019 ulikadiria matumbawe zaidi ya nusu milioni yalikufa karibu na lile lango. Na kule kulikuwa na ubishi kama huu wetu, maana miaka hiyo hiyo bahari ilipata joto kali, na ukaja ugonjwa wa matumbawe. Wengine wakasema ni joto. Wakajuaje kwamba tope lina mkono? Walikuwa na vipimo vya kabla na vya baada, na vya karibu na vya mbali. Kadiri unavyolikaribia lango, ndivyo vifo vilivyoongezeka. Joto halichagui umbali kutoka kwenye lango la meli.

#8 Chalii wa Ngarenaro

Mzee shikamoo. Hapo umeongea kitu, sibishi kwa kubisha.

Ila nijibu hili kama fundi: bandari ya Tanga iko ndani ya ghuba ya mjini. Mwambani ni kusini, unazunguka Ras Kazone. Hilo tope lilipanda bodaboda?

#9 Baharia Mstaafu

Marahaba. Swali zuri kuliko unavyodhani.

Mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini karibu mwaka mzima, na wakati wa upepo wa kusi ndio una nguvu hasa. Ndani ya ghuba maji kujaa na kupwa yanavuruga mambo, lakini kwa ujumla tope la mjini lingeelekea kaskazini kuliko kushuka Mwambani. Nisingeweka mkono motoni kwamba unga wa kwenye lile dema ulitoka bandarini. Mimi kama ningekuwa natafuta mwenye tope, ningeanza kutazama kusini.

#10 Mwalimu wa Ramani

Kusini kuna nini? Mto Pangani.

Samahani nimeingia bila hodi, nafundisha jiografia sekondari moja huku Arumeru. Naomba kila mmoja aliyepiga makofi kwenye ule ukumbi afuate maji na kidole. Themi unapita katikati ya jiji la Arusha, unabeba kila kitu mnachokijua. Unaingia Kikuletwa. Weruweru na Karanga zinatoka Kilimanjaro, zinaingia huko huko. Upande wa pili Ruvu unaleta ya mashariki ya mlima na ya ziwa Jipe. Vyote vinakutana Nyumba ya Mungu, vinatoka vikiitwa Pangani, vinashuka mpaka baharini. Na mlango wa Pangani uko wapi? Kwenye mpaka wa kusini wa hiyo hifadhi ya silikanti.

Mvua kubwa ikinyesha Meru, maji ya Themi yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ule ni udongo wa mashamba yetu, mteremko umelimwa mpaka kwenye kingo. Watu wa pwani wakiuliza jina la mwenye tope, inawezekana ni letu.

#11 Mzee wa Kibosho

Sasa tunaambiwa hata kulima tunaua samaki wa Tanga. Kesho mtasema tusinawe.

#12 Baharia Mstaafu

Mwalimu, umepiga karibu na shabaha lakini kuna bwawa katikati. Nyumba ya Mungu ni kama karai kubwa, maji yakiingia yanatulia na tope linakaa chini. Sehemu kubwa ya udongo wa Arusha na Moshi umelala pale, ndiyo maana bwawa linajaa. Wasiwasi wangu uko chini ya bwawa: Mkomazi unaotoka upande wa Upare na Usambara, na Luengera pale Korogwe. Milima ile ni mikali na imelimwa. Hilo tope halina karai la kulizuia kama lile.

#13 Mwalimu wa Ramani

Nakubali, nilisahau bwawa. Wanafunzi wangu wasiuone huu uzi.

#14 Mtoto wa Sahare

Na kwa upande wa mjini msiusahau Sigi, unatoka Amani kule Usambara Mashariki na kumwagika jirani na Tanga. Masika Sigi nao hutapika mwekundu. Ila ami, Mangi alikwenda Disemba, vuli ndiyo imetoka kupita, kwa hiyo mito yote ilikuwa na cha kusema.

Ndiyo raha ya waliochimba. Ukimshika mmoja, anakuonyesha mwingine. Bandari inasema mto, mto unasema bomu, bomu linasema joto la 1998 lililopausha matumbawe pwani yote ya Afrika Mashariki. Na wote wana ukweli ndani yake.

#15 Wakili wa Njiro

Nimeusubiri uzi ufike hapa.

Suala mlilolifikia, kwamba huwezi kumjua mwenye tope bila vipimo vya kabla, kisheria lina uzito kuliko mnavyofikiri. Niseme mambo ninayoyajua.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi wa aina hii haujaanza, wananchi washirikishwe, na inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa mamlaka za umma. Hifadhi za bahari zina sheria yake ya 1994. Kwa hiyo swali la Mangi, "nani anapima na nani anasoma," si uchochezi wala si kutumwa. Ni haki iliyoandikwa. Tatizo letu ni kwamba haki hiyo tunaikumbuka meli ya kuchimba ikishaondoka.

Tazameni jirani. Bandari ya Lamu, wavuvi walikwenda mahakamani Kenya wakisema uchimbaji na ujenzi umeharibu mazalia ya samaki na hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya, wavuvi kama 4,600. Ni ushindi, lakini fidia hairudishi mwamba. Hata mvuvi akilipwa, bahari yake imeshabadilika.

Sasa njooni nyumbani, maana Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapa hapa Arusha, wengine mnapita mbele yake mkienda kazini. Mwaka 2014 ilizuia barabara ya lami kukatiza kaskazini ya Serengeti. Wanaharakati wakadhani wamepata mlango. Kesi ya bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, ilipofika, mwezi Novemba 2023 ikatupwa. Ilitupwa kwa sababu ya muda, bila kuingia kwenye hoja za mazingira. Mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu jambo litokee au alijue.

Miezi miwili! Mwamba mzima haufi kwa miezi miwili. Tope halionekani kwenye dema kwa miezi miwili. Kwa hiyo atakayesubiri kuona madhara ya Mwambani ndipo aende mahakamani, ameshachelewa siku mkataba unasainiwa.

#16 Chalii wa Ngarenaro

Miezi miwili kwa kesi, wakati kesi yangu ya kiwanja ina miaka sita. Nchi ina mambo.

Wakili, nikuulize kwa nia njema. Tukiidai hiyo tathmini, si ndiyo njia ya kuua mradi? Ziwa Natron walipiga kelele za ndege heroe mpaka kampuni ya magadi ikaondoka 2008. Vijana wa Longido walipata nini? Heroe bado wapo, ajira hakuna.

#17 Wakili wa Njiro

Ni hoja ya haki. Ila kumbuka Natron ndipo wanapozaliana sehemu kubwa kabisa ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki, hawana pa pili. Na magadi hayakufa, serikali iligeukia Engaruka, Monduli, ambako magadi yapo chini ya ardhi na heroe hawatagi pale. Kelele zilihamisha mradi mahali pengine. Hilo ndilo swali la Mwambani: lazima iwe pale? Au mita zinazohitajika zinapatikana kwa kuendelea kupanua ile ile ya mjini, ambayo imeshavurugwa tayari?

#18 Baharia Mstaafu

Na niongeze moja ambayo wanasiasa hawaisemi kwa sababu haina utepe wa kukata. Bandari haichimbwi mara moja. Sigi utaleta tope kila masika, mita 13 zitakuwa 12, zitakuwa 11. Itabidi kusafisha, tena na tena, maisha yote ya bandari. Kila mara tope linatafutiwa pa kumwaga. Australia walibishana hivyo hivyo: 2014 ilitolewa ruhusa ya kumwaga mita za ujazo milioni 3 ndani ya hifadhi ya Great Barrier Reef ili kupanua bandari ya makaa ya mawe ya Abbot Point. Watu wakachachamaa, mwaka uliofuata serikali ile ile ikapiga marufuku kumwaga tope la uchimbaji mpya ndani ya hifadhi. Lakini lile la kusafisha kila mwaka liliachwa nje ya marufuku. Anayekwenda kwenye kikao aulize la kila mwaka. La mwanzo kila mtu analiona.

#19 Mama Belo Daraja la Kwanza

Jamani mmenichosha na mkondo wa bahari, lakini nimesoma yote.

Mimi nina swali la dukani. Tuliambiwa bandari ikichimbwa gharama itashuka. Mangi, wewe na mimi tuko mistari miwili tofauti pale Memorial. Belo la mashati ya watoto umelipata kwa bei ndogo kuliko miaka mitatu iliyopita? Mimi sijalipata. Dola imepanda, ushuru uko pale pale, mtu wa kati kaongezeka. Sisemi bandari haina faida, najua nisingepata mzigo haraka hivi. Nasema tu: aliyepiga makofi pale ukumbini alikuwa anapigia faida ipi? Maana shemeji yako anaweza akawa amelipa kwa matumbawe, na mimi nimelipa kwa belo, na kuna mtu katikati amekaa anatuangalia.

#20 Karanga za Kuonja

Mama Belo apewe maji ya kunywa.

#21 Chawa Mstaarabu

Huu uzi una harufu ya uchaguzi. Mleta mada atuambie anagombea wapi.

#22 Mangi wa Memorial

Sigombei hata uenyekiti wa mtaa, ndugu. Ningegombea ningeanza kwa kusema samaki hawapigi kura.

Wakuu, nawashukuru. Nilikuja na mtuhumiwa mmoja, naondoka na watano. Mama Belo, bei haijashuka, na wewe unajua najua. Baharia, nimemsomea mke wangu ile ya mkondo kupanda kaskazini, akampigia kaka yake palepale. Shemeji akacheka: hilo la mkondo analijua tangu mtoto, hajaona mtu akimwuliza.

Kikao kingine cha wafanyabiashara ni mwezi ujao. Nimeandika maswali matatu kwenye karatasi ya belo: kabla ya kuidai Mwambani, vipimo vya maji na vya miamba ya sasa viko wapi, tuvisome? Tope la kusafisha kila mwaka pale mjini linamwagwa wapi? Na kiwango cha kuzima mashine kitaandikwa mkatabani au kitabaki mdomoni? Wakili, nitakutumia uniwekee sawa lugha, nisije nikaonekana mhuni.

Chalii, unakuja? Nahitaji mtu wa malori aulize pamoja nami. Nikiuliza peke yangu watasema nimetumwa na mke.

#23 Chalii wa Ngarenaro

Nakuja. Lakini mimi nauliza la pili tu, la kumwaga. Hayo mengine ulizeni wenye matumbawe. Na msimamo wangu bado: gati iongezwe.

#24 Mtoto wa Sahare

Kabla ya kikao njooni Tanga. Bamvua linalokuja maji yatatoka sana, miamba ya mbele itakuwa nje mnatembea kwa miguu, viatu vya zamani tu, mjihadhari na vinavyochoma na kukata miguu. Mtagusa wenyewe. Chalii nawe uje, nitakupa pweza.

#25 Mangi wa Memorial

Mimi nipo. Basi la kwanza Jumamosi. Mwambie shemeji dema asilitoe kabla hatujafika.

#26 Chalii wa Ngarenaro

Basi la nini, nina lori linashuka tupu Ijumaa usiku. Mangi, mbele kuna nafasi mbili.